Fanueli Shemkai, Aliyeitikia kwa Mgongo wa Mkono

Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa Lukozi, na ninyi mliopanda mlima kutoka Muheza na Tanga, familia inawashukuru kwa kuja. Tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, ni Fanueli Yonasi Shemkai. Vijana wengi mnamkumbuka kama mzee aliyekaa kimya kando ya barabara. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa maneno, tena maneno ya kuchekesha, na ni haki yake baadhi ya maneno hayo yasemwe leo.

Fanueli alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kitongoji cha Kweboi, hapa Lukozi, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa mzee Yonasi Shemkai na mama Naomi. Alibatizwa Krismasi ya mwaka huohuo. Alichelewa kusema. Alifika miaka mitatu akiwa hana zaidi ya neno moja au mawili, na watu wakamshauri mama yake amtafutie dawa. Mama Naomi alikataa. Alisema mtoto huyu anaangalia kwanza.

Alisoma Shule ya Msingi Lukozi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Akiwa darasa la sita, mwalimu alifundisha kwamba mnyama hana akili wala aibu, ana silika tu. Fanueli akanyoosha mkono. Akauliza, mbwa wa nyumbani kwao akila yai hujificha nyuma ya ghala kabla hata hajaonekana na mtu. Sasa nani amemwambia kuwa amekosa? Mwalimu alicheka, akamwambia akamuulize mbwa. Kesho yake Fanueli alinyoosha mkono tena, akasema alimuuliza, na mbwa aligeuza uso pembeni. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Alipata kipaimara mwaka 1974.

Mwaka 1975 alikwenda Bulwa kuchuma chai, akakaa huko miaka minne. Shamba lilipakana na msitu, na kima walitoka kila siku kukaa pembezoni. Siku moja wachumaji walimwona kima jike amebeba mtoto aliyekufa. Alimbeba siku nne, huku akimpangusa inzi. Wenzake walisema kima huyo ni mjinga, hajui kama mtoto amekufa. Fanueli akasema, "Anajua. Wewe wa kwako ungemtupa siku ileile?" Tangu hapo walimpa jina la Wakili wa Kima, na alilipokea bila kinyongo.

Mwaka 1983 alipata kazi ya bustani katika nyumba moja ya wageni juu ya mji wa Lushoto. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa kigeni aliyeishi nchini miaka mingi. Februari 1985 mzee huyo aliletewa sokwe mchanga, dume, amefungwa kamba kiunoni na kutiwa ndani ya gunia la mkaa. Hakuna aliyeeleza vizuri alikotoka. Alijengewa kizimba cha nondo na wavu chini ya mikaratusi, urefu hatua saba, upana hatua tano. Wapishi walikataa kumlisha, kwa hiyo kazi akapewa Fanueli. Sokwe akaitwa Mashaka.

Wageni wengi walimwita gorila. Fanueli hakuchoka kuwaeleza kwamba gorila ni mkubwa zaidi, hayupo Tanzania, na yeye mwenyewe hajamwona ila kwenye picha ya kalenda. "Lakini nikikutana naye nitamwamkia," alikuwa akisema. "Huwezi kumpita mtu mzima kama yule kimya kimya."

Na Mashaka naye, Fanueli alimwamkia kila siku. Saa kumi na mbili asubuhi alisimama mbele ya kizimba, mikono nyuma, akasema "Onga maundo", salamu yetu ya asubuhi, kisha akangoja. Siku nyingine Mashaka alikuja mara moja, akapenyeza mgongo wa mkono wake kwenye wavu ili Fanueli auguse. Siku nyingine alikaa kwenye kona hadi jua likapita juu ya mikaratusi. Fanueli hakuondoka. Mwenye nyumba alilalamika kuwa bustani inachelewa. Fanueli alimjibu, "Bwana, asipoitikia sijui ameamkaje. Na nisipojua ameamkaje, nitamlishaje?"

Mdogo wake wa mwisho, Jofrey, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alifuata kazi hapohapo mwaka 1992, akiwa kijana wa miaka ishirini. Jofrey si mtu wa kusema mbele za watu, na Fanueli alilijua hilo. Alimweka upande wa kizimba, mbali na wageni, akamfundisha kusoma uso wa Mashaka. Siku moja mgeni mmoja alisogea na kamera na kofia pana, akasema kwa furaha kwamba sokwe anamchekea.

"Hacheki, bwana, anaogopa," Fanueli akamwambia. "Akicheka kweli mdomo unalegea, na meno ya juu yanafunikwa. Hapo ametoa meno yote, ya juu na ya chini, kwa sababu umemkaribia mno na hiyo kofia yako."

"Kama anaogopa, mbona hakimbii?"

"Akimbilie wapi?"

Fanueli alifunga ndoa takatifu na Secilia binti Hoza tarehe 19 Septemba 1981. Mungu aliwajalia watoto watatu: Loveness, Stephano na Glory. Secilia alilea watoto na shamba hapa Lukozi, na mumewe alikuja Jumapili mchana akaondoka Jumatatu alfajiri. Mwaka 1991, alipokuja kumzika baba yao mzee Yonasi, alikaa siku nne. Aliporudi alimkuta Mashaka hajala, amejinyofoa manyoya ya mkono mmoja hadi ngozi imebaki wazi. Tangu siku hiyo Fanueli hakulala nje ya Lushoto zaidi ya usiku mmoja, hata kwa harusi ya shemeji yake, hata Loveness alipolazwa kwa homa. Secilia aliwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba ameolewa uke wenza na mwenye manyoya. Alicheka, lakini wakati mwingine hakucheka. Jumapili moja alimwambia mumewe, "Wewe ndiye uliyefungiwa. Mashaka ni mlinzi wako." Fanueli alikula ugali wake wote kabla ya kujibu. Akasema, "Ni kweli. Lakini funguo ninazo mimi, na siwezi kumfungulia."

Mwenye nyumba alifariki mwaka 2004. Waliorithi hawakutaka mnyama. Wakaja watu wa kuhifadhi wanyama na sanduku kubwa la mbao, wampeleke Mashaka mahali walipo sokwe wenzake. Walikuwa na bunduki ya sindano ya usingizi. Fanueli aliwaomba wasimpige, atamwingiza mwenyewe. Saa nne, wakati ambao kila siku walikunywa chai ya maziwa pamoja, aliingia yeye kwanza ndani ya sanduku, akakaa, akaanza kunywa. Mashaka alimfuata. Fanueli akampa kikombe, akatokea mlango wa upande wa pili, na milango yote miwili ikashushwa. Jofrey alikuwepo. Mashaka hakupiga kelele. Alikitua kikombe, akapenyeza mgongo wa mkono kwenye upenyo wa mbao, na Fanueli akaushika hadi lori lilipowashwa. Miezi saba baadaye ilikuja barua kwamba Mashaka anaishi na wenzake wawili na anakula vizuri. Fanueli aliisoma mara mbili, akasema, "Wamefanya vizuri wao. Mimi nilimdanganya kwa chai."

Baada ya hapo alirudi Lukozi akalima viazi, kabichi na karoti. Alifuga ng'ombe mmoja wa maziwa bandani kama sisi wote, ila kila Jumapili baada ya ibada alimtoa akamtembeza barabarani na kumrudisha. Jirani yake Paskali alimuuliza kama ng'ombe anakwenda kupokea sakramenti. Fanueli alisema, "Hapana, huyu bado yuko darasa la kipaimara." Secilia alitangulia mbele za haki tarehe 4 Juni 2020. Fanueli akabaki peke yake katika nyumba hii mnayoiona.

Jumanne tarehe 7 Machi 2023, akiwa shambani, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea wote, na maneno yakapotea. Alitibiwa hospitalini wiki tatu, akarudishwa nyumbani. Uso ulikuwa umevutwa upande, na machozi yalimtoka mara kwa mara. Wauguzi walieleza kwamba mgonjwa wa namna hii anaweza kulia hata pasipo sababu, na hilo ni kweli kwa wagonjwa wengi. Familia ililishika neno hilo, ikaacha kuuliza sababu.

Kuna jambo jingine ambalo familia inaona vema liungamwe hapa, maana wengi tulilifanya pamoja. Sisi huku hatumpiti mtu mzima bila shikamoo. Lakini Fanueli hakuweza kusema marahaba. Tukaona kwamba kumwamkia mtu asiyeweza kuitikia ni kumwaibisha. Kwa heshima hiyo, tukaacha. Watoto waliambiwa wampite taratibu. Wageni walimwamkia mtu aliyeketi kulia kwake na mtu aliyeketi kushoto kwake, wakamruka yeye katikati. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Mwezi Mei kikao cha familia kilikaa kuamua nani atamuuguza. Loveness, anayefanya biashara ya machungwa na viungo sokoni Muheza, alijitolea kumchukua, kwa kuwa ana nyumba nzuri na yuko karibu na hospitali. Fanueli alikuwepo kwenye kikao, amelazwa kitandani chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, na alilia muda wote. Jofrey aliona kwamba kaka yake hataki, lakini watu walikuwa wengi na yeye hakusema kitu. Tarehe 29 Mei mgonjwa aliambiwa kwamba anapelekwa Tanga kwa daktari, ili asihangaike. Jofrey ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwenye gari.

Alikaa Muheza karibu mwaka mmoja na miezi minne. Loveness alimtunza kwa mikono yake, na hakupata kidonda cha mgongo hata kimoja; mwenye kuuguza mtu wa kulala anajua hiyo ni kazi ya namna gani. Chumba kilikuwa safi, na dirisha lake lenye nondo lilitazamana na ukuta wa jirani. Kulikuwa na joto. Televisheni iliwashwa ili asichoke. Watu waliingia, wakaongea juu ya ugonjwa wake, juu ya shamba lake, hata juu ya mahali atakapozikwa, naye akiwa amelala hapo anawasikia.

Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024, baada ya kuvuna viazi, Jofrey alishuka Muheza na gunia moja na kabichi mbili. Alikuwa amekwenda huko mara mbili kabla, akakaa kwenye kiti, akarudi. Safari hii aliwakuta wanajumuiya wamekuja kusali. Mama mmoja aliinama juu ya kitanda, uso kwa uso na mgonjwa, akasema, "Leo babu amechangamka, ananichekea."

Jofrey akatazama. Midomo ya kaka yake ilikuwa imevutika upande wa kushoto ulio mzima, meno yote nje, ya juu na ya chini, na macho yamekodoka.

Wanajumuiya walipoondoka, Jofrey alizima televisheni. Akasimama mbele ya kitanda, mikono nyuma. Akasema, "Shikamoo kaka."

"Baba mdogo, haitiki huyo," Loveness akamwambia. "Unamtesa. Hata wajukuu nimewakataza."

"Nitangoja."

"Utangoja mpaka lini? Chai inapoa."

"Ipoe."

Loveness alitoka akaenda kuosha vyombo. Aliporudi alimkuta Jofrey amesimama palepale. Loveness akakaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa amechoka. Ndipo mkono wa kushoto wa Fanueli ulipoanza kusogea juu ya shuka, polepole, ukageuka, na mgongo wa mkono ukaja mbele. Jofrey akaugusa. Midomo ya Fanueli ikalegea, meno yakafunikwa.

"Ni misuli tu," Loveness akasema. "Daktari alisema mwili unaweza kujitikisa wenyewe."

"Basi muulize wewe. Muulize kitu ambacho jibu lake unalijua."

Loveness akainama. "Baba, mimi ni Glory?" Mkono haukusogea. "Mimi ni Loveness?" Mkono ukaja. Akamuuliza kama mkewe aliitwa Naomi, mkono haukuja. Kama aliitwa Secilia, ukaja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nilipokuleta huku nilikwambia tunakwenda Tanga kwa daktari. Ulijua nakudanganya?"

Mkono ukaja.

Loveness alilia, na baba yake akalia, na safari hii hakuna aliyesema ni ugonjwa. Jofrey alimuuliza kaka yake kama anaumwa, kama ni joto, kama ana njaa. Mkono ulilala. Akamuuliza kama anataka kurudi Lukozi. Fanueli alimsukumia mgongo wa mkono kifuani na hakuurudisha.

"Na huko atauguzwa na nani?" Loveness akauliza.

"Na mimi na Devotha mke wangu. Nitahamia kwake."

"Baba mdogo, kwenye kikao ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilikaa kimya."

"Mwaka mzima na zaidi."

"Ndiyo," Jofrey akasema. "Na yeye amekaa kimya hivyohivyo, ila yeye hakuwa na la kufanya."

Jumatatu tarehe 23 Septemba 2024 Fanueli alirudi Lukozi, na safari hii aliambiwa ukweli anakokwenda. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alitolewa nje akaketishwa kando ya barabara, amefunikwa blanketi. Jofrey aliwaomba wapitao wamwamkie na wangoje. Mwanzoni watu waliona haya. Baadaye walizoea. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki, na abiria wao wakanung'unika, kisha nao wakajikuta wakisema shikamoo. Paskali alikuja kila siku, akasimama na kumsimulia utani wote wa kijiji, akidai kuwa sasa amepata mtu asiyemkatiza. Mgongo wa mkono ulimjibu Paskali kwa kumpiga tumboni.

Familia haitaki mdhani kwamba mambo yote yalifunguka. Alikuwa na ndiyo na hapana tu, na mtu aliyezoea maneno maelfu akibaki na mawili bado amefungwa. Ilibidi sisi tubahatishe swali kwanza. Tusipolipata, alibaki nalo. Zilikuwepo siku alizochoka na sisi, akageuza uso ukutani, na ilikuwa haki yake.

Mwanzoni mwa Novemba alianza kuishiwa nguvu na kukohoa. Daktari alisema ni mapafu. Alihudumiwa, lakini hali haikurudi. Jumatano tarehe 13 Novemba 2024, saa moja asubuhi, Jofrey alimwamkia akangoja. Mkono ulikuja nusu ya njia, ukatua juu ya shuka. Alifariki dakika chache baadaye, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Marehemu ameacha watoto watatu, Loveness wa Muheza, Stephano wa Dar es Salaam na Glory wa Korogwe, wajukuu saba, ndugu wawili walio hai, dada yake Mariamu na mdogo wake Jofrey, shemeji yake Devotha, pamoja na ndugu, jamaa na majirani wengi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, usharika, wanajumuiya wa Muheza, na kila aliyesimama pale barabarani akangoja.

Limebaki jambo moja. Katika siku tisa za mwisho, kila jioni Fanueli alinyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea barabara ya Lushoto, akaushikilia hivyo hadi ukatetemeka. Tulimletea kofia yake, Biblia, redio. Tulimtoa ng'ombe bandani tukampitisha mbele yake. Tulimtajia majina ya walio hai na waliokufa. Tulimtajia Secilia, tukamtajia Mashaka. Mkono haukutujibu, ulirudi tu kulekule barabarani. Hatukulipata swali lake. Kama yupo hapa aliyeahidiana naye jambo, au anayejua alikuwa akingoja nini upande ule, tunamwomba asiondoke kabla ya kumwona Jofrey, hata kama ni jambo dogo. Jofrey atakuwa hapa kaburini mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Bwana, aliyemwelewa Fanueli siku zote ambazo sisi hatukumwelewa, ampe pumziko la amani. Amina.